Safari ya Basi Kati ya Kazi Mbili: Mpango wa Msafiri wa Peke Yake Mwenye Fedha Chache

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana waliomaliza mikataba ya kazi)



Tumealikwa kuzungumza nanyi kuhusu safari, nasi tunajua kwamba wengi wenu mmemaliza mkataba mmoja wa kazi na mnasubiri kuanza mwingine. Kipindi hicho kina sura mbili. Ni kipindi cha uhuru, kwa kuwa hakuna anayekuuliza saa mbili asubuhi ulikuwa wapi. Ni kipindi cha mashaka vilevile, kwa kuwa mshahara umesimama ilhali tumbo na kodi ya nyumba havijasimama. Kwa watu wengi huo ndio wakati pekee, katika miaka kadhaa, wa kwenda kumwona shangazi Mbeya, kuzuru kaburi la babu Njombe, au kuujua kwa macho mji waliokuwa wakiusikia kwa masikio tu.

Hatukuja kuwakataza kusafiri. Tumekuja na neno moja, na mengine yote tutakayosema ni matawi yake. Anayesafiri na wenzake akipungukiwa hukopeshwa, na akidhulumiwa ana wa kumshuhudia. Anayesafiri peke yake hana mkopeshaji wala shahidi. Kwa hiyo, kabla hajaondoka, sharti ajipatie vyote viwili: akiba asiyoigusa, na ushahidi wa maandishi.

Tuanze na tukio lililotufundisha.

Kijana mmoja alifika kwenye dirisha letu la malalamiko akitokea Mbeya. Alikuwa amepata kazi mpya jijini Dar es Salaam na alitakiwa kuripoti Jumatatu akiwa na vyeti vyake halisi. Alipofika kituoni Mbeya alfajiri, mpiga debe alimpokea begi na kumpa tiketi iliyokuwa na jina la mtu mwingine, tena ya kwenda Makambako. Alipouliza, alijibiwa, "Usijali, kondakta anajua." Alilipa fedha taslimu nauli yote ya hadi Dar es Salaam, akaingia ndani, akalala. Begi lake lilibandikwa lebo kwa kufuata tiketi ile, na basi lilipofika Makambako wahudumu walilishusha, maana ndivyo lebo ilivyosema. Vyeti vyote vilikuwamo.

Tulisaidiana na mtoa huduma kulitafuta. Begi lilipatikana baada ya siku sita, likiwa salama, na vyeti vikiwa vikavu. Lakini tarehe ya kuripoti kazini ilikuwa imepita kwa siku tatu. Begi tuliweza kulirudisha, tarehe hatukuweza. Kuhusu nauli aliyodai kuilipa, hakuwa na karatasi wala ujumbe wa simu wa kuonyesha kwamba alitoa hata shilingi moja, na tiketi aliyokuwa nayo ilimtaja mtu asiyekuwa yeye. Kijana yule hakuwa mjinga. Alikuwa na haraka, alikuwa peke yake, na alimwamini mtu wa kwanza aliyemwita "kaka".

Hesabu ya siku 61

Sasa tuingie katika fedha, kwa kuwa safari nyingi za kipindi hiki huharibika kabla basi halijaondoka.

Tuchukue mfano. Kazi ya awali inakwisha tarehe 31 Mei, na kazi mpya inaanza tarehe 1 Julai. Msafiri hujiambia: "Nina mwezi mmoja." Hapo ndipo kosa linapozaliwa. Ana mwezi mmoja wa nafasi, lakini ana miezi miwili ya kujilisha, kwa kuwa mshahara wa kwanza wa kazi mpya utalipwa mwishoni mwa Julai. Kutoka tarehe 1 Juni hadi tarehe 31 Julai ni siku 61. Bajeti ya safari isihesabiwe kuanzia siku ya kuondoka. Ihesabiwe kwa kurudi nyuma kuanzia siku ya mshahara ujao.

Andikeni nasi. Tuseme msafiri wetu anaishi Dar es Salaam, na baada ya kulipa madeni amebaki na Sh900,000. Anataka kusafiri siku 9. Kodi ya chumba kwa miezi miwili, Sh100,000 kila mwezi, ni Sh200,000. Chakula na matumizi ya nyumbani kwa siku 52 atakazokuwa nyumbani, Sh6,000 kwa siku, ni Sh312,000. Nauli ya kwenda na kurudi kazini mwezi wa Julai, siku 22 kwa Sh2,400, ni Sh52,800. Fedha ya dharura Sh100,000. Jumla ni Sh664,800. Kinachobaki kwa safari ni Sh235,200, si Sh900,000. Bei hizi ni za mfano. Kila mmoja aweke za kwake. Lakini mpangilio usibadilike: mahitaji ya siku zote 61 hutangulia, na safari hula kilichobaki.

Fedha hiyo ya dharura tunaisisitiza kwa sababu ambayo wengi huisahau. Bima ya afya inayotegemea makato ya mshahara inaweza kusimama ajira inapokwisha. Kadi bado imo mfukoni, picha yako bado inatabasamu juu yake, lakini hospitalini unaweza kuambiwa kwamba haifanyi kazi. Kabla ya kusafiri, uliza kwa mwajiri uliyemwacha au kwa mfuko wenyewe kama bado umo. Ukiambiwa humo, jua kwamba homa ya ghafla ugenini italipwa kutoka mfukoni mwako.

Nauli inavyopatikana

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019, huweka nauli kikomo za mabasi ya mikoani. Kikomo maana yake ni kiwango kisichopaswa kuvukwa. Mtoa huduma anaruhusiwa kutoza pungufu; kuzidisha haruhusiwi. Katika viwango vilivyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2023, abiria wa basi la daraja la kawaida katika barabara ya lami alipangiwa kulipa kiasi kisichozidi Sh48.47 kwa kila kilomita, na wa daraja la kati Sh67.84. Viwango hubadilika kadiri gharama za uendeshaji zinavyobadilika, kwa hiyo kabla ya safari hakikisha ni vipi vinavyotumika siku hiyo. Njia ya kukokotoa hubaki ileile: kilomita mara kiwango.

Msafiri wetu amechagua barabara kuu ya kuelekea Zambia. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takribani kilomita 500; kwa daraja la kawaida ni kama Sh24,200. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni takribani kilomita 330. Ni kama Sh16,000. Kurudi moja kwa moja kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, takribani kilomita 830, ni kama Sh40,200. Jumla ya nauli ni takribani Sh80,500.

Tazameni jambo moja la kufurahisha hapa. Kwa kuwa nauli hufuata kilomita, kuikata safari Iringa hakumwongezei msafiri gharama ya barabara. Sh24,200 na Sh16,000 ni sawa na Sh40,200 za safari isiyokatwa. Anachoongeza ni malazi tu, na anachopata ni mji mzima. Ila atafute basi linaloanzia Iringa. Yale yatokayo Dar es Salaam hupita pale mchana yakiwa na abiria wake, na anayesimama barabarani kusubiri kiti kilichoachwa wazi hana nguvu ya kuuliza bei.

Tumalize hesabu. Gesti Iringa, siku 3 kwa Sh15,000, ni Sh45,000. Chakula na maji siku 3 za barabarani na siku 2 za kukaa Iringa, Sh10,000 kwa siku, ni Sh50,000. Mbeya atalala kwa shangazi siku 5. Kulala huko hakuna bei, lakini kuna gharama, na bajeti isiyoitaja ni bajeti ya uongo. Hatuingii kwa shangazi mikono mitupu: sukari, mchele na kitenge ni Sh20,000. Mchango wa jikoni kwa siku 4 kamili, Sh4,000 kwa siku, ni Sh16,000. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asiyekuja na jembe na aje na mchango. Bajaji, bodaboda na daladala za kwenda na kutoka vituoni ni Sh20,000. Jumla ya safari ni Sh231,500. Alikuwa na Sh235,200. Amebakiwa na Sh3,700, na akiba ya dharura haijaguswa.

Je, angepanda daraja la kati? Safari nzima ingekuwa takribani Sh112,600 badala ya Sh80,500, yaani ziada ya Sh32,100. Ili kuilipa angechota zaidi ya Sh28,000 katika fedha ya dharura. Hatusemi ni vibaya kukaa kiti chenye nafasi. Tunasema ajue anakilipia kwa nini. Tena ajue kwamba daraja huhusu starehe. Mkanda wa kiti, breki nzuri, matairi mazima na dereva aliyepumzika ni haki ya abiria wa kila daraja.

Kuchagua siku

Asiye na ajira kwa mwezi mmoja ana utajiri mmoja ambao wenye ajira hawana: anaweza kuchagua siku. Autumie. Mwishoni mwa Desemba, sikukuu za Idi, na siku ambazo shule hufungwa na kufunguliwa, mabasi hujaa, na huko ndiko nauli hupandishwa kinyemela. Kwa mfano wetu wa Juni, siku za mwanzo zina wanafunzi wanaorudi makwao, na siku za mwisho zina wanaorejea shuleni. Aondoke katikati ya mwezi, tena katikati ya wiki. Huenda akapewa nauli iliyo chini ya kikomo, na hatasukumana na mtu dirishani.

Achague pia siku ya kurudi, aipe nafasi. Anayeanza kazi Jumatatu asirudi Jumapili. Basi linaweza kuharibika, barabara inaweza kufungwa kwa ajali ya lori katika mlima Kitonga, na mwajiri mpya hakujui kiasi cha kukusamehe. Tunashauri siku tatu kamili kati ya kufika nyumbani na kuripoti kazini. Nauli ya kurudi itengwe kabla ya nauli ya kwenda, ikae mahali pake, na isihesabiwe kuwa fedha ya matumizi.

Tiketi ndiyo shahidi

Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichoanza kutumika mwaka 2021, kiko mbali na katikati ya jiji. Anayekwenda kukata tiketi alfajiri ileile ya safari hufika akiwa na mizigo, usingizi na haraka, na hayo matatu ndiyo mtaji wa mpiga debe. Kata tiketi siku mbili au tatu kabla, kwa mfumo wa tiketi mtandao au katika ofisi ya mtoa huduma. Usiikate mkononi mwa mtu aliyekushika begi.

Kabla hujaondoka dirishani, soma mambo sita. La kwanza ni jina: liwe lako, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Kumbuka kwamba kitambulisho cha kazi umekwisha kukirudisha. Mbele ya wageni, jina lako linaishi kwenye kitambulisho kile na kwenye tiketi hii. La pili ni unakotoka na unakokwenda. La tatu ni tarehe na saa. La nne ni namba ya kiti. La tano ni kiasi cha nauli: kiwe kilekile ulicholipa. La sita ni jina la kampuni na namba ya usajili wa basi. Ikiwa basi litabadilishwa, andika mwenyewe namba ya lile ulilopanda.

Katika tarehe na saa pana mtego unaostahili maneno ya ziada. Tangu mwaka 2023, Serikali iliporuhusu tena mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku, tiketi za saa za usiku zimekuwa za kawaida. Sisi husema "basi la Ijumaa saa sita na nusu usiku". Mfumo wa tiketi huandika 00:30, na tarehe yake ni ya Jumamosi. Wapo waliofika kituoni Jumamosi usiku wakiwa na tiketi ya basi lililoondoka saa 24 kabla. Vivyo hivyo, 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, na 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Muulize karani: "Ni usiku wa kuamkia siku gani?" Swali hilo halina aibu.

Ikiwezekana, lipa kwa simu. Makato yake ni madogo ukilinganisha na faida, kwa maana ujumbe wa malipo ni shahidi wa pili. Ukidaiwa Sh50,000 na tiketi ikaandikwa Sh40,000, usiipokee kwa kuambiwa kwamba mfumo ndivyo ulivyo. Omba iandikwe kiasi halisi. Mwenye nia njema ataandika. Asiye nayo atakurudishia fedha yako ukatafute basi jingine. Soma pia masharti ya kuahirisha safari kabla ya kulipa, kwa sababu mipango ya anayeanza kazi mpya hubadilika kwa simu moja tu.

Piga picha tiketi, umtumie ndugu mmoja pamoja na namba ya basi na kiti, na mpatane saa ya kupigiana simu. Tiketi yenyewe usiitupe ukishafika. Basi la abiria hutakiwa kuwa na bima, na likipatwa na ajali, tiketi yenye jina lako ndiyo itakayosema kwamba ulikuwamo. Ni neno zito, lakini tungekuwa tumewanyima haki yenu tusingelitamka.

Mzigo na safari yenyewe

Anayesafiri peke yake hana wa kumlindia begi anapokwenda msalani. Basi abebe mizigo anayoweza kuishika kwa mikono yake miwili, bila kuomba msaada. Mkoba mdogo ukae mapajani, na ndani yake viwemo kitambulisho, simu, dawa, fedha ya siku hiyo, na vyeti halisi ikiwa ni lazima kusafiri navyo. Kama si lazima, viacheni nyumbani kwa mtu mnayemwamini. Nguo ziende kwenye buti, na mzigo unaokwenda huko upewe lebo yenye jina lako na mahali unaposhukia. Uliza uzito unaoruhusiwa bila malipo. Ukitozwa kwa ziada, dai stakabadhi. Fedha usiziweke mahali pamoja: kiasi kwenye simu, kiasi mfukoni, kiasi mahali usipopagusa hadi kufika. Na msisahau sweta. Juni huko Makambako na Mbeya haina mzaha.

Barabara ile ina uzuri wake, na mtu aliye peke yake huuona vizuri zaidi kwa kuwa hana wa kuongea naye. Utavuka Hifadhi ya Mikumi na huenda ukawaona swala na twiga kutoka dirishani, utapita mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, utapanda Kitonga. Iringa utafikia kituo cha Igumbilo, nje kidogo ya mji, kwa hiyo ile fedha ya bajaji haikutengwa bure. Mwamba wa Gangilonga uko mjini hapo, na zana za mawe za Isimila haziko mbali. Fika mchana, ukachague gesti kwa macho yako kabla giza halijakuchagulia.

Njiani, fanya hesabu moja zaidi. Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa basi ni kilomita 80 kwa saa, na katika makazi ya watu yenye alama ni kilomita 50. Kilomita 830 kwa mwendo wa 80 usiopungua hata mara moja ni saa 10 na dakika zaidi ya 20. Ongeza vijiji, mizani, chakula, na vile vituo vifupi ambavyo abiria huviita kwa adabu "kuchimba dawa". Kwa hiyo, anayetoka Mbeya saa kumi na mbili asubuhi akamwahidi mwenyeji wake kwamba saa kumi jioni atakuwa Mbezi, ameahidi jambo ambalo dereva hawezi kulitimiza bila kuvunja sheria. Mabasi hufungwa vifaa vya kufuatilia mwenendo, na safari ndefu kama hiyo hupaswa kuwa na madereva wawili wa kupokezana. Hata hivyo, kifaa hakizuii abiria kumshangilia dereva anayekimbia. Tusimshangilie. Ukiona mwendo unatisha, mwambie mhudumu kwa upole. Akipuuza, piga namba ya bila malipo iliyobandikwa ndani ya basi, ukitaja namba ya usajili na mahali mlipo. Huna haja ya kusimama na kugombana peke yako.

Mambo mawili ya mwisho kuhusu njiani. Usipokee chakula wala kinywaji kutoka kwa jirani usiyemjua, hata akiwa mcheshi kiasi gani; wapo walioamka bila simu na bila mkoba. Na mnaposimama kula, muulize mhudumu dakika mlizopewa, kisha itazame vizuri namba ya basi lako kabla ya kushuka. Aliye na wenzake husubiriwa kwa sababu wenzake hupiga kelele. Wewe huna wa kukupigia kelele. Umwambie jirani wa kiti kwamba unashuka na utarudi.

Ukidhulumiwa

Mambo yakiharibika, andika kabla hujakasirika sana: tarehe, saa, mahali, namba ya usajili, namba ya kiti, na kilichotokea. Basi likiharibika, mtoa huduma ana wajibu wa kukufikisha kwa usafiri mwingine au kukurudishia fedha yako. Usikubali kushushwa na kuambiwa ujitegemee. Anza kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe, tena kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Asiposikia, njoo katika ofisi ya Mamlaka iliyo karibu nawe ukiwa na tiketi. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, lililoanzishwa kwa sheria ileile ili kutetea maslahi ya mtumiaji. Huduma hizi si fadhila tunayowafanyia. Ni kazi yetu.

Wengine huona haya kulalamika wakiwa hawana kazi, kana kwamba asiye na mshahara hana haki. Tunasema wazi: dirishani kwetu hatumuulizi mtu anafanya kazi wapi. Tunamuuliza tiketi yako iko wapi.

Ndugu zetu, kijana yule wa begi la Makambako alirudi kwetu miezi kadhaa baadaye. Mwajiri alikuwa amemvumilia, na alikuwa akienda kwao kwa mapumziko yake ya kwanza. Hakuja na lalamiko. Alitoa tiketi yake mfukoni, akaiweka juu ya meza, akatusomea yale mambo sita moja baada ya jingine. Jina lilikuwa lake, na Mbeya ilikuwa Mbeya. Nanyi, kabla hamjaondoka dirishani, someni vivyo hivyo.

Tunawatakia safari njema, na mshahara wa kwanza uwakute na akiba.